Mkono Usioijua Kesho: Shajara katika Hadithi za Gothiki

Katika kasha la mama yangu, chini ya kanga ambazo hazivaliwi tena, limo daftari la babu yangu mzaa mama, aliyekuwa nahodha wa jahazi lililoleta boriti kutoka Lamu hadi hapa Mombasa. Ni batli ya safari zake, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na kwa mtu asiyehusika haina ladha yoyote: upepo, maji, mahali nanga ilipotiwa, idadi ya watu chomboni. "Kaskazi. Maji yanajaa. Tuko watu saba." Ukurasa baada ya ukurasa maneno ni hayo kwa hayo. Kisha, katika safari moja ya mfungo tisa, mstari unasomeka hivi: "Kaskazi kali. Maji yanatoka. Tuko watu sita." Hapana neno jingine. Siku ya pili yake upepo umepungua, watu ni sita, wino ni ule ule, na mwandiko haukutetereka.

Nilikuwa kijana wa shule mama aliponisomea ukurasa huo, nami nikamwuliza huyo wa saba alikwenda wapi. Akanijibu kwamba babu hakupata kusema, na waliosafiri naye hawakupata kuulizwa. Tangu siku hiyo nimesoma hadithi nyingi za kutisha, na nyingine nimezisoma usiku stima ikiwa imepotea mtaa mzima, lakini sijakutana na sentensi iliyonikaba koo kama hiyo ya watu sita. Ilinichukua miaka kutambua sababu yake. Babu hakuwa akinisimulia mimi wala mtu yeyote. Alikuwa akiandika siku ikiwa bado haijaisha, bahari ikiwa bado iko chini yake, naye hajui kama kesho ataandika sita au tano.

Kutoijua kesho ndiko ninakotaka kukuandikia leo, kwa kuwa naamini ndiko kunakoifanya shajara kuwa chombo bora kuliko vyote katika usimulizi wa gothiki. Kwa msomaji ambaye jina hilo ni geni kwake, riwaya za gothiki ni zile zinazoitia hofu ndani ya ngome au nyumba kongwe, zenye vyumba vilivyofungwa, siri za ukoo na wafu wasiotulia. Kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mwaka 1764, Mwingereza Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto, akidai katika dibaji yake kwamba ni tafsiri tu ya maandishi ya zamani yaliyopatikana katika maktaba ya ukoo mmoja. Tangu mwanzo, basi, hofu ya aina hii ilitaka karatasi ya kuishuhudia. Ilichukua muda kugundua kwamba karatasi iliyoandikwa jana usiku inatisha zaidi kuliko ile iliyoandikwa miaka mia tano iliyopita.

Sisi tuliokulia Mji wa Kale tulizijua hadithi za kutisha kwa masikio kabla ya kuzijua kwa macho. Barazani tuliambiwa habari za pepo wa Nguzo ya Mbaraki, aliyepelekewa uvumba na marashi, na za mwanamke mzuri aliyepewa lifti usiku, dereva akainamisha macho na kuona kwato mahali pa miguu. Nilizipenda, na bado nazipenda. Lakini msimulizi wa barazani amekwisha kurudi salama. Ameketi mbele yako, kikombe cha kahawa mkononi, na ijapokuwa anakutisha, mwili wake mzima unakuhakikishia kwamba mambo yalikwisha na yuko mtu aliyesalimika akayaleta. Hata msimulizi maizi wa riwaya, anayeona kila kitu kutoka juu, anatupa dhamana hiyo hiyo bila kukusudia: anajua mwisho, na kujua kwake kunasikika katika kila "alikwenda" na kila "hakujua kwamba". Shajara inaiondoa dhamana hiyo. Anayeandika "leo" amesimama mahali pale pale unaposimama wewe unayesoma, na mbele yenu nyote wawili pana giza.

Kitabu kinachojulikana zaidi katika jambo hili ni Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, nayo imeundwa karibu yote kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti. Inaanza tarehe 3 Mei, katika shajara ya wakili kijana Jonathan Harker, aliye safarini kwenda kwa mteja wake katika milima ya Transylvania. Anaandika nini? Saa za treni, ambazo zilichelewa, na kuku wa pilipili aliyekula hotelini, ambaye anajiwekea ukumbusho wa kuomba namna ya kumpika ili ampelekee mchumba wake Mina. Wapo wasomaji wanaozipita kurasa hizo upesi ili wafike kwenye ngome. Mimi naona ndipo kazi yote ilipofanyika. Mtu anayepanga kumpelekea mchumba wake habari za kuku ni mtu anayeamini kwamba atarudi, na sisi tunaijua imani hiyo kabla hatujajua lolote jingine juu yake. Vilevile ni mtu mwangalifu, wa saa na wa hesabu, kiasi kwamba tarehe 8 Mei anapoandika kuwa alikuwa akinyoa ndevu, mwenyeji wake akamwekea mkono begani, na kioo hakikuonyesha mtu yeyote nyuma yake, hatuna njia ya kumwambia kwamba ameota. Ushahidi wake juu ya treni tuliupokea. Itatubidi tuupokee na huu.

Kisha inakuja tarehe 19 Mei, ambayo naiona kuwa ukurasa bora wa kitabu kizima. Dracula, yule mwenyeji wake, kwa upole mwingi anamtaka Harker aandike barua tatu za kwenda kwao: ya kwanza iseme kazi inakaribia kwisha, ya pili iseme anaondoka kesho yake, ya tatu iseme amekwisha kuondoka ngomeni na kufika mji wa Bistritz. Harker anauliza azitie tarehe gani. Mwinyi wa ngome anapiga hesabu kidogo, kisha anamtajia: 12 Juni, 19 Juni na 29 Juni. Harker anaandika shajarani kwamba sasa anaujua muda wa maisha yake. Tazama jinsi jambo hili lisivyowezekana kwa namna nyingine ya usimulizi. Katika kitabu kilichojengwa juu ya tarehe, kitu pekee anachostahili kukijua mwenye shajara ni tarehe ya leo, na adui anamshinda kwa kumwandikisha tarehe ambazo hazijafika. Kuanzia hapo kila siku mpya inayoandikwa juu ya ukurasa inahesabiwa kwenda 29 Juni, na wala mwandishi hahitaji kutuongezea neno la taharuki.

Ndani ya kitabu hicho hicho mna batli. Merikebu ya Kirusi iitwayo Demeter inatoka Varna kwenda Whitby, Uingereza, ikiwa na watu tisa: mabaharia watano, wasaidizi wawili wa nahodha, mpishi, na nahodha mwenyewe. Batli inaeleza kwamba tarehe 16 Julai baharia mmoja hakuonekana. Alimaliza zamu yake usiku, akapokewa, lakini hakufika kitandani. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Nahodha anaandika kwa ufupi wa mtu wa kazi, kama alivyoandika babu yangu, na mwishowe anajifunga mikono kwenye usukani, na maandishi yake ya mwisho yanapatikana mfukoni mwake, ndani ya chupa. Merikebu inaingia bandarini ikiongozwa na maiti. Nilipousoma mlango huo mara ya kwanza nililiweka kando kitabu nikaenda kulifungua kasha la mama.

Mtu anaweza kudhani kwamba sifa ninayoitoa ni ya ufundi wa Stoker peke yake, wala si ya shajara. Mfano wa Guy de Maupassant, Mfaransa, unaweza kumwondolea shaka, kwa kuwa yeye aliiandika hadithi moja mara mbili. Toleo la kwanza la Le Horla, la mwaka 1886, ni la kusimuliwa: daktari anawakusanya wenzake, mgonjwa analetwa mbele yao, naye anawaeleza kwa mpangilio jinsi kiumbe asiyeonekana alivyoingia nyumbani mwake. Mwaka 1887 Maupassant akairudia hadithi ile ile kwa umbo la shajara, na hiyo ya pili ndiyo iliyobaki vinywani mwa watu. Inaanza 8 Mei, siku nzuri, mtu amejilaza kwenye nyasi mbele ya nyumba yake kando ya mto Seine, merikebu nyeupe ya Brazili inapita, naye anaipungia salamu kwa furaha tu ya kuiona. (Ni ile ile 8 Mei ya kioo cha Harker miaka kumi baadaye, sidai kwamba Stoker aliiazima, ila kila mwaka siku hiyo ikifika huwakumbuka wote wawili.) Mgonjwa wa mwaka 1886 angelazimika kutuambia kwamba salamu ile ndiyo iliyomwalika msiba. Mwenye shajara wa mwaka 1887 haambii mtu kitu; amesalimu meli, akaenda zake.

Mwezi wa Julai anaanza kujichunguza. Kabla ya kulala anaweka mezani mvinyo, maziwa, maji, mkate na stroberi. Asubuhi anaandika kwamba maji yote yamenywewa, na hapo hapo anajisahihisha: ameyanywa yeye. Huenda anatembea usingizini. Usiku mwingine anaacha maji na maziwa tu, anavifunga vyombo kwa kitambaa cheupe, anajipaka risasi ya penseli midomoni, ndevuni na mikononi, kisha analala. Anapoamka kitambaa ni cheupe vile vile, na vyombo ni vitupu. Namna ile ya kujisahihisha, kutoka "yamenywewa" kwenda "nimeyanywa", ni kitu ambacho msimulizi anayejua mwisho hawezi kukifanya kwa unyofu. Ni akili ya mtu inayoonekana ikigeuka upande huu na upande huu, kalamu ikiwa ingali na wino mbichi.

Hapa ndipo ninapodhani Kiswahili kimejaliwa kitu ambacho hatujakitumia vya kutosha. Tunazo kauli mbili ambazo kwa hadithi ya hofu ni hazina. Mlango ukiwa wazi asubuhi naweza kuandika kwamba umefunguka, na katika kauli hiyo ya kutendeka hamna mtu; ni upepo, ni unyevu wa bahari uliovimbisha mbao, ni bawaba kuukuu. Naweza pia kuandika kwamba umefunguliwa, na katika kauli hiyo ya kutendwa, hata kama sijamtaja aliyeufungua, kuna mkono. Fikiria shajara ambayo kwa wiki mbili mlango wake unafunguka, taa inazimika, maji yanamwagika, kisha siku moja mwenye shajara, kwa haraka na bila hata kujigundua, anaandika kwamba mlango umefunguliwa. Ameshajua kabla ya kujua kwamba anajua. Msomaji wa Kiswahili ataliona badiliko hilo la silabi chache na nywele zitamsimama, na hapatahitajika mzimu wala jeneza.

Jambo jingine letu ni usiku wenyewe. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua linapotua, ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, ambao wenye kufuata kalenda ya ofisini huuita Alhamisi usiku. Katika Dracula, Mina ndiye anayezipiga chapa shajara zote na kuzipanga kwa tarehe, na anasema wazi kwamba katika jambo hili tarehe ndizo kila kitu. Sasa weka shajara mbili katika nyumba moja ya hapa kwetu, moja ya bibi mzee, nyingine ya mjukuu wake karani. Wote wawili wameandika kwamba wamesikia mtu akitembea darini usiku wa Ijumaa. Mjukuu anadhani wamesikia kitu kimoja. Ni mpaka amwulize bibi ndipo atakapotambua kwamba ni nyayo za siku mbili mfululizo, na kwamba kila mmoja wao amelala usingizi mzito katika usiku wa mwenzake. Sijui riwaya iliyoutumia utata huo, na ningefurahi mno kuisoma.

Tarehe yenyewe inaweza pia kuugua. Nikolai Gogol, katika hadithi yake ya mwaka 1835 ya karani anayerukwa na akili, alifika mahali pa kutia tarehe ya 43 Aprili, mwaka 2000. Hadithi hiyo haihesabiwi kuwa ya gothiki, lakini sioni daktari angetueleza nini zaidi.

Halafu kuna daftari lenyewe kama kitu, karatasi inayoweza kufichwa, kuibwa na kusomwa. Katika The Yellow Wallpaper ya Charlotte Perkins Gilman, ya mwaka 1892, mwanamke anaandika kwa siri, na mara kwa mara anakatiza kwa kuwa anamsikia mumewe akija, na mumewe hapendi aandike hata neno moja. Aliyekulia katika nyumba ya watu wengi, alikoficha daftari chini ya godoro huku akijua kwamba godoro hugeuzwa kila Ijumaa, anaielewa hofu hiyo bila kuelezwa. Wilkie Collins aliisogeza mbele zaidi. Katika The Woman in White, iliyoanza kutoka gazetini mwaka 1859, Marian Halcombe anaandika shajarani mambo yote aliyoyagundua juu ya adui wake, kisha anashikwa na homa, mwandiko unavurugika, sentensi zinakatika. Tunafungua ukurasa unaofuata tukitarajia habari za ugonjwa wake, na tunakuta maandishi mengine: ni Fosco, adui mwenyewe, ameisoma shajara yote akiwa ametulia, na sasa anamwandikia humo humo maneno ya kumsifu. Hakuna aliyeguswa, hakuna damu. Lakini mahali pekee palipokuwa pa Marian peke yake pameingiliwa, nasi tuliokuwa tukisoma tunahisi aibu kwa kuwa tulikuwa tukifanya kitendo kile kile.

Kuna pingamizi ambalo nimelisikia, nalo ni la haki: nani atakaa kuandika kurasa kumi ilhali jini liko mlangoni? Stoker alilifikiria, Harker ni mfungwa asiye na kazi nyingine mchana kutwa, na Daktari Seward anaisemea shajara yake kwenye fonografu badala ya kuiandika. Mwandishi asiyelifikiria ataumbuka. Nami naongeza udhaifu mwingine, kwamba shajara nyingi zikiwekwa pamoja sauti hufanana, na Stoker mwenyewe hakuuepuka kila mara. Lakini ninapopima, bado mzani unalalia upande wa shajara, na kipimo changu ni Frankenstein ya Mary Shelley, ya mwaka 1818. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masimulizi ya Victor Frankenstein, anayeyajua yote na anayasema kwa uchungu mkubwa, naye Walton, mkuu wa meli iliyomwokoa, anayaandika. Nayaheshimu, ila hayanitishi. Ninaloliogopa liko karibu na mwisho, Victor akiwa amekwisha kufa, Walton amebaki peke yake akimwandikia dada yake, na katikati ya maneno anasema kwamba amekatizwa: ni usiku wa manane, na kuna sauti kama ya binadamu inatoka katika chumba cha meli kilicholazwa maiti. Kitabu kizima kilikuwa kimepita. Sentensi hiyo ndiyo ya sasa hivi.

Nayasema haya nikiwa na kazi yangu mwenyewe mezani. Nimekuwa nikiandika hadithi ya karani aliyepanga chumba katika nyumba kongwe nyuma ya Ndia Kuu, na niliianza kama nilivyozoea: "Usiku ule karani hakujua kwamba kilichokuwa kikitembea darini hakikuwa paka." Niliipenda sentensi hiyo kwa miezi mitatu. Kisha nikaona kwamba nimeshamaliza hadithi katika mstari wa kwanza; nimemwambia msomaji si paka, na kilichobaki ni kumngojea karani afike nilikomtangulia. Mwezi uliopita nikaifuta, nikampa karani daftari.

"Tarehe 1. Paka wamerudi darini. Nimemwomba mwenye nyumba afunge lile dirisha la juu. Amesema halijafunguliwa tangu marehemu mamake.

"Tarehe 2. Nimenunua changu wawili Marikiti, bei imepanda. Vichwa nimewawekea paka kwenye sahani, pale ngazini, labda watanyamaza. Wamenyamaza. Nimelala vizuri.

"Tarehe 3. Sahani nimeikuta pale pale ngazini. Imeoshwa, imepanguswa, imewekwa kifudifudi. Mwenye nyumba ana roho nzuri, sikutegemea. Leo nitawatilia na wali."

Nimefika hapo. Najua kitakachoandikwa tarehe 9, na mara mbili wiki hii nimeshikwa na tamaa ya kukidokeza mapema, kwa neno moja tu, katika tarehe ya tatu. Mara zote mbili nimelifuta neno hilo, maana tarehe 3 karani ana wali jikoni, na bado anaamini ni paka.